Je, Wajua? Jengo Moja, Majina Matatu

Je, wajua kwamba mhasibu akitaka kujua jengo liandikwe wapi vitabuni, hatazami kuta wala paa? Anauliza lina kazi gani kwa mwenyewe. Kampuni ikiweka ofisi zake humo, ni mali ya kudumu, chini ya kiwango cha kimataifa IAS 16. Ikilipangisha ili ivune kodi, ni mali ya uwekezaji, IAS 40. Na kwa mjenzi anayejenga ili auze, jengo lilelile ni bidhaa, sawa na mifuko ya saruji dukani.

Jina likibadilika, faida nayo hubadilika. Mali ya uwekezaji inaweza kuandikwa kwa thamani ya soko, na bei ikipanda nyongeza inaingia moja kwa moja kwenye faida ya mwaka, ingawa benki haijaingia hata shilingi. Basi ukisoma kwamba kampuni ya majengo imepata faida nono, uliza kwanza ni kiasi gani kilicholipwa na wapangaji.

Je, wajua kwamba hoteli inayoendeshwa na mwenyewe si mali ya uwekezaji, hata ikijaa wageni kila usiku? Mgeni hulipia huduma: mashuka, mapokezi, chai ya asubuhi. Nyumba wanazopangishwa wafanyakazi nazo si uwekezaji, hata wakilipa kodi ya bei ya soko. Lakini kiwanja kilichoota majani, ambacho wakurugenzi hawajaamua wakifanyie nini, hicho ni uwekezaji! Kusitasita nako kumetengewa safu yake.

Je, wajua kwamba mashamba ya chai, kama ya Kericho na Mufindi, yanagawanywa vipande vitatu vitabuni? Ardhi ina hesabu yake. Michai, tangu Januari 1, 2016, imehamishiwa IAS 16 pamoja na mitambo, nayo hukatwa uchakavu mwaka hadi mwaka. Majani mabichi yanayosubiri kuchumwa juu ya michai hiyohiyo yamebaki kwenye kiwango cha kilimo, IAS 41.

Ng'ombe wa maziwa, ambaye naye hufugwa miaka kwa ajili ya mazao yake, hakuhamishwa. Bado yumo IAS 41, na kila hesabu zinapofungwa hupangiwa bei ya soko, kasoro gharama za kumuuza.