Ziwa ni Kama Kijiji: Tuwafundishe Watoto Jinsi Viumbe Vinavyotegemeana

Katika toleo hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi humwachia mwalimu peke yake. Mtoto hurudi nyumbani na neno "mfumo wa ikolojia" katika daftari lake. Neno analijua, mtihani anajibu, lakini kesho yake anaenda mtoni kuchota maji na hajui mto ule unalisha nani. Si kosa lake. Mwalimu ana ubao na chaki. Ziwa, kinamasi na shamba viko kwetu sisi. Kwa hiyo vikundi vya kujisaidia vina kazi hapa, na leo tutatumia mfano wa Ziwa Viktoria.

MPANGILIO WAKE

Mfumo wa ikolojia ni viumbe vyote vinavyoishi mahali fulani, pamoja na maji, udongo, hewa na jua vinavyotegemea. Mambo haya yamepangwa kwa ngazi, na mtoto ataelewa haraka ukimlinganishia na kijiji.

1. Kiumbe mmoja. Huyu ni ngege mmoja, kama vile mtu mmoja kijijini.

2. Kundi la aina moja. Hawa ni ngege wote wa ghuba yetu. Ni kama ukoo mmoja.

3. Jumuiya ya viumbe. Hapa kuna ngege, mbuta, omena, kamongo, konokono, mafunjo na ndege wa majini. Ni kama koo nyingi zinazoishi kijiji kimoja. Wengine wanasaidiana, wengine wanagombana.

4. Mfumo wa ikolojia. Chukua jumuiya hiyo, uongeze maji, matope, upepo na jua. Ni kama kijiji pamoja na kisima chake, mashamba yake na njia zake.

Juu ya hapo kuna maeneo makubwa yanayofanana, kama nyika na misitu, na mwisho kuna dunia nzima yenye uhai. Lakini kwa watoto wa shule ya msingi anzeni na zile ngazi nne.

KILA MMOJA NA KAZI YAKE

Katika kijiji kuna mkulima, kuna wanaokula, na kuna anayefagia. Ziwani pia ni hivyo hivyo.

Wakulima wa ziwa ni mimea: mafunjo pale ukingoni na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Hii hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Walaji ni wanyama. Vidudu vidogo vya majini hula mwani, omena hula vidudu, mbuta hula omena, na mbuta huliwa na sisi. Wafagiaji ni bakteria, kuvu na minyoo. Wao huozesha kilichokufa na kukirudisha kiwe mbolea ya mimea.

Watoto huuliza, mbona omena ni wengi na furukombe ni wachache? Jibu ni kwamba mlaji hapati nguvu yote iliyomo katika chakula chake. Nyingi huishia katika kutembea, kupumua na joto la mwili. Kwa kukadiria, ni kama sehemu moja tu ya kumi inayopita kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mkianza na debe 1000 za mwani, vidudu hupata 100, omena 10, na mbuta 1. Waonyesheni kwa kuhesabu punje za mahindi mezani, hawatasahau.

UKIGUSA MOJA, UMEGUSA ZOTE

Hapa ndipo somo linapotuhusu sisi wazazi. Mbuta hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo ziwa lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka au kupungua mno. Ni kweli mbuta alileta pesa, viwanda na kazi. Lakini tazama yaliyofuata.

Fulu na omena hukauka kwa jua tu. Mbuta ni mkubwa na ana mafuta mengi, kwa hiyo mara nyingi hukaangwa au kukaushwa kwa moshi. Moshi unataka kuni, na kuni zilikatwa vilimani. Mlima ukibaki uchi, mvua inabeba udongo. Mto kama Nyando unauleta udongo huo hadi ghubani pamoja na mbolea ya mashamba na uchafu wa miji. Basi samaki wa majini amefika mpaka kwenye mti wa mlimani, na mti umerudi ziwani ukiwa matope!

Halafu gugu maji likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yenye rutuba nyingi ni karamu kwake. Lilifunika fuo, mashua zikakwama. Likioza, wafagiaji wetu hutumia oksijeni ya maji kuliozesha, na samaki hukosa ya kupumua. Konokono wa kichocho nao hupata pa kujificha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walileta wadudu wa jamii ya fukusi ambao asili yao ni Amerika Kusini, kwao gugu hili, wakalishambulia. Likapungua sana, lakini halikwisha. Limerudi mara kadhaa kwa sababu udongo na mbolea bado vinaingia ziwani.

Na mafunjo je? Wengine husema ni pori tu, tuyachome tulime. Ngojeni kwanza. Mafunjo huchuja matope kabla hayajafika ziwani. Samaki wadogo hujificha humo, na kamongo pia. Huyu kamongo hula konokono, wakiwemo wale wanaobeba kichocho. Kwa hiyo anayefyeka mafunjo yote amewafukuza walinzi wa afya ya watoto wake mwenyewe.

MAMBO MATATU YA KUFANYA NA WATOTO

Kikundi kinaweza kuongea na mwalimu mkuu, au kutumia siku ya Shule ya Jumapili.

Kwanza, mraba wa kamba. Pimeni mita moja kwa mita moja kwa kamba ya katani kwenye nyasi au shambani. Watoto wahesabu kila aina ya mmea na mdudu wanaoona, kisha waseme nani mkulima, nani mlaji, nani mfagiaji. Fanyeni mraba mwingine penye ardhi tupu, mlinganishe. Msiwaingize watoto majini, kwa sababu ya kichocho, mamba na viboko.

Pili, mikebe miwili. Tobolea matundu upande mmoja. Mmoja uwe na udongo wenye nyasi, mwingine udongo mtupu. Iinamisheni kidogo, mmwagie maji kiasi sawa, na mkinge yanayotoka. Watoto wenyewe watasema maji ya wapi ni machafu zaidi.

Tatu, mchezo wa uzi. Watoto wasimame duara. Mmoja ni jua, mwingine mafunjo, mwingine konokono, kamongo, omena, mbuta, mvuvi, mti wa mlimani. Uzi upite kutoka kwa mmoja hadi kwa yule anayemtegemea, mpaka uwe wavu. Sasa "kateni" mafunjo: mtoto huyo auvute uzi kisha auachilie. Kila aliyehisi uzi ukivuta au ukilegea ainue mkono. Mtashangaa ni mikono mingapi.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinatueleza kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini kuilima na pia kuitunza. Kulima tunakujua sana. Kutunza ndiko kunakotaka kufundishwa, na mtoto hujifunza zaidi kwa kutuona tukifanya.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Maji ya mvua kutoka mashamba yetu yanaelekea wapi? Yanabeba nini?

2. Ni kiumbe gani kilichokuwa wengi hapa zamani na sasa hakionekani? Waulizeni wazee, na watoto wawepo wakisikiliza.

3. Ni sehemu gani ya mafunjo au ukingo wa mto ambayo kikundi chetu kinaweza kukubaliana isifyekwe, na nani ataiangalia?