Kasi ya Marathoni Baada ya Miaka Arobaini

Kasi ya mbio za marathoni, zenye urefu wa kilomita 42.195, hutegemea mambo matatu: kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika, sehemu ya kiwango hicho ambayo mkimbiaji anaweza kuihimili kwa saa kadhaa bila kulemewa, na nishati anayotumia kwa kila kilomita. Umri hauyagusi yote kwa uzito mmoja.

Linaloathirika zaidi ni la kwanza, kwa kuwa hutegemea moyo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua mwaka hadi mwaka, na hakuna zoezi linaloyarudisha. Kanuni moja inayotumika sana huyakadiria kwa kuchukua 208 na kutoa asilimia 70 ya umri, hivyo mtu wa miaka 30 hufikia kama 187 kwa dakika na wa miaka 50 kama 173. Kwa wasiofanya mazoezi, uwezo wa kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya miaka 30. Kwa wanaoendelea kujifua kwa bidii, mshuko huo unaweza kupungua hadi karibu nusu. Mambo mengine mawili hayazeeki haraka hivyo. Ndiyo maana mtu wa makamo ambaye hakuwahi kufanya mazoezi ya mpangilio anaweza kukimbia kasi zaidi akiwa na miaka 47 kuliko alipokuwa na 37.

Hata kwa wanaokimbia kwa riziki, miaka 40 si ukomo. Kenneth Mungara wa Kenya, aliyekuwa kinyozi kabla ya kuingia katika riadha, alishinda Gold Coast Marathon nchini Australia mwaka 2015 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42, akiwa na miaka 41. Edna Kiplagat, pia wa Kenya, alishika nafasi ya tatu katika Boston Marathon mwaka 2024 akiwa na miaka 44.

Mazoezi yanayoleta kasi si yale ya kujiumiza kila siku. Sehemu kubwa ya kilomita za wiki, karibu asilimia 80, hukimbiwa polepole kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wakimbiaji wa Iten na Eldoret nchini Kenya wanajulikana kwa kuanza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mgeni huuona kama wa mzaha. Mkimbiaji wa mtaani ndiye anayeona aibu kupitwa. Siku mbili tu kwa wiki huwa ngumu. Moja ni ya kasi ambayo mtu angeweza kuishikilia kwa takriban saa moja, kwa mfano vipande vitatu vya dakika kumi kumi vyenye mapumziko mafupi katikati. Zoezi hili huinua lile jambo la pili, yaani sehemu ya oksijeni inayohimilika kwa saa kadhaa, na kwa mtu wa makamo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Nyingine ni ya mbio ndefu, ambayo hupanda hatua kwa hatua hadi kilomita 30 hivi, na katika wiki za mwisho kilomita chache za mwisho hukimbiwa kwa mwendo wa siku ya mashindano. Milima au vipande vifupi vya kasi huingizwa mara chache ili kulinda uwezo wa kutumia oksijeni.

Kinachobadilika hasa ni nafasi kati ya siku hizo. Misuli ya mtu wa miaka 50 huchelewa kujijenga upya, na kano, hasa ya kisigino, huhitaji muda mrefu zaidi kuzoea mzigo. Kijana anaweza kurudia zoezi gumu baada ya siku mbili. Mtu wa makamo anafanya vyema kusubiri tatu, hata ikibidi mzunguko wa mazoezi uwe wa siku tisa au kumi badala ya wiki. Majeraha mengi ya umri huu hutokana na haraka ya kuongeza kilomita.

Umri pia hupunguza misuli, hasa nyuzi zake za kasi. Mazoezi ya kunyanyua vyuma vizito, mara mbili kwa wiki, kwa mapaja, makalio na mashavu ya miguu, husaidia kuzuia upotevu huo na hupunguza nishati inayotumika kwa kila hatua. Kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka mifupa hudhoofika, na vyuma huisaidia. Chakula nacho kiwe na protini ya kutosha, karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kutoka dagaa, mayai, maharage au maziwa. Mwenye shinikizo la damu, au anayepata maumivu ya kifua akikimbia, amwone daktari kabla ya kuanza.

Wiki mbili au tatu kabla ya mashindano kilomita hupunguzwa hadi karibu nusu, lakini kasi ya vipande vichache haipunguzwi. Siku yenyewe, akiba ya wanga mwilini huweza kuisha karibu na kilomita ya 30, kwa hiyo mkimbiaji hula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, akianza mapema. Ndizi moja ina kama gramu 25. Mwendo wa kuanzia ndio unaoharibu matokeo mengi, na wanaume hupunguza kasi katika nusu ya pili zaidi ya wanawake. Aliyejiandaa kumaliza kwa saa 3 na dakika 30, yaani karibu dakika 5 kwa kilomita, anapaswa kupita nusu ya njia kwa saa 1 na dakika 45, si saa 1 na dakika 38, hata kama miguu inamwambia inaweza.