Kampuni ya Bima Ikikataa Dai la Safari Iliyochelewa

Kwa wakazi wa Pumwani, tangu Majengo mpaka Shauri Moyo, safari ya ndege imekwisha kuwa jambo la kawaida: wako waendao Umra na Hija, wako wafanyao biashara ambao hufuata bidhaa Dubai wakaja kuziuza Gikomba na Eastleigh, wako vijana wanaokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Oman, na wako wazee waendao Ulaya kuwazuru watoto wao. Wengi wa wasafiri hawa hukata bima ya safari, wengine kwa khiari yao na wengine kwa sharti, maana balozi za nchi za Schengen hazitoi viza bila ya bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Na ndani ya hati hiyo hiyo ya bima aghalabu mna kifungu kifupi kinachoahidi fidia endapo safari itachelewa. Kifungu hicho hakisomwi na mtu mpaka siku ndege inapokwama, na dai likipelekwa, mara nyingi hurudi na barua fupi ya Kiingereza kigumu inayosema kwamba dai halikubaliki. Mwenye bima huikunja barua hiyo, akaitia sandukuni, akasema kuwa ndiyo kadari yake. Madhumuni ya makala haya ni kumweleza kwamba barua ile ni kauli ya upande mmoja wa mkataba tu, na kwamba upande wa pili, ambao ndiye yeye, una haki kamili ya kujibu.

Wanasheria husema kwamba mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu uliokithiri, na watu wengi hudhani kwamba uaminifu huo humpasa mwenye bima peke yake. Sivyo. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, ambayo ndiyo asili ya kanuni hii katika sheria ya Uingereza tuliyoirithi Kenya, aliyekata bima alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome iliyokuwa katika kisiwa cha Sumatra, naye aliikingia ngome hiyo hatari ya kutwaliwa na adui wa kigeni. Wafaransa walipoitwaa, mdhamini wa bima alikataa kulipa kwa hoja kwamba gavana alimficha udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield alieleza kwamba uaminifu huzifunga pande zote mbili, na kwamba mdhamini hawezi kupokea malipo huku anajua, au angaliweza kujua kwa kuuliza, kisha akaja kujitetea kwa kutojua kwake siku ya kulipa. Gavana akashinda. Na kwa Mwislamu wa Pumwani jambo hili halina ugeni, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na mwandishi ameamrishwa humo aandike kwa uadilifu.

Ukizichunguza barua za kukataa madai ya safari zilizochelewa, utaona kwamba karibu zote zasimama juu ya moja katika hoja tatu: sababu ya kuchelewa, hesabu ya saa, au upungufu wa ushahidi. Kila hoja ina namna yake ya kujibiwa.

Tuanze na sababu. Hati nyingi za bima hazilipi kila ucheleweshaji. Hutaja sababu zinazokubalika, mathalan hali mbaya ya hewa, kuharibika kwa mitambo ya ndege, au mgomo wa wafanyakazi. Sasa tazama linalotokea. Msafiri huliomba shirika la ndege cheti cha kuthibitisha ucheleweshaji, nalo huandika kwa wepesi kuwa ndege ilichelewa kwa sababu za kiutendaji, maneno ambayo yaweza kubeba kila kitu na yasibebe kitu. Kampuni ya bima hutazama orodha yake, haioni sababu za kiutendaji, ikakataa. Dawa yake ni kulirudia shirika la ndege, kwa barua, na kuliomba litaje chanzo chenyewe: je, ilikuwa mvua, injini, au upungufu wa marubani? Tarehe 16 Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Dubai na kiwanja chake cha ndege kikajaa maji, msafiri aliyekuwa na cheti chenye maneno ya jumla angaliweza kuambatisha habari za magazeti na tangazo la kiwanja chenyewe, zikathibitisha kwamba hali ya hewa ndiyo iliyomzuia.

Migomo ina jambo lake la ziada, nalo ni la tarehe. Bima hukinga jambo lisilojulikana. Basi aliyekata bima baada ya mgomo kutangazwa huambiwa kwamba aliijua hatari alipoinunua. Marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022, lakini ilani yao ilikuwa imekwisha kutolewa mwezi wa Oktoba. Wawili waliokata tiketi za viti vya jirani katika ndege moja iliyofutwa siku ile wangaliweza kupata majibu mawili mbalimbali, mmoja akalipwa kwa kuwa bima yake ilitangulia ilani, na mwingine akakataliwa kwa kuwa yake ilifuata. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba alijua, na aseme: ilani ilitoka siku gani, na mimi nilikata bima siku gani? Risiti ya malipo, au ujumbe wa M-Pesa, ndiyo shahidi wake.

Hoja ya pili ni saa, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kwa kutokuhesabu. Tuseme hati inataka ucheleweshaji wa saa 6 au zaidi. Ndege ilipaswa kuondoka Dubai saa nne na dakika arobaini za usiku, ikaondoka saa kumi na moja na dakika tano za alfajiri: hizo ni saa 6 na dakika 25. Ilipaswa kufika Nairobi saa nane na dakika arobaini na tano za usiku, ikafika saa mbili na dakika thelathini na tano za asubuhi, yaani saa 5 na dakika 50, kwa kuwa rubani alifidia sehemu ya muda angani. Kampuni ikihesabu kwa kufika, hakuna fidia. Ikihesabu kwa kuondoka, fidia ipo. Ni lazima usome kifungu chenyewe kimesema kipi, na kama kimenyamaza au kina maana mbili, ipo kanuni kongwe ya sheria kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni. Tahadhari kadhalika kwamba Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja. Mwenye kuchanganya saa za miji miwili katika hesabu moja huiharibu hoja yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ni ushahidi. Weka tiketi, pasi ya kupandia ndege, cheti cha shirika la ndege, jumbe za simu zilizotangaza muda mpya, na risiti za chakula na malazi zenye tarehe. Baadhi ya hati hulipa kiasi maalumu kwa kila kipindi cha saa, na nyingine hurudisha gharama ulizozitoa tu. Katika aina hii ya pili, risiti ndiyo dai lenyewe. Na wala usithubutu kugeuza tarakimu moja ya risiti, hata kama haki yako yaonekana wazi kama jua, kwa sababu uwongo katika jambo dogo huipa kampuni hujja ya kulivunja dai zima.

Baada ya kuijua hoja waliyoishika, andika barua. Ifungue kwa nambari ya dai na tarehe ya barua yao; waombe wakutajie kifungu walichokitegemea kwa nambari yake, na wakupelekee nakala kamili ya mkataba, maana wakala mara nyingi hukupa cheti cha ukurasa mmoja ilhali masharti yamo katika kijitabu ambacho hukukiona. Kisha jibu hoja yao moja kwa moja, ukitaja kila ushahidi na kuuambatisha, na umalize kwa kutaja kiasi unachodai na siku unazowapa kujibu. Usitukane, usilie, wala usihadithie taabu zote za safari. Kisha hakikisha unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokewa.

Wakishikilia kukataa, au wakinyamaza, pako mahali pa kwenda. Sheria ya Bima, Sura ya 487, imeweka siku 90 za kulipa dai lililothibitika, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoundwa kwa marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2006 na ambayo ofisi zake ziko Upper Hill, hupokea malalamiko ya wenye bima bila ya ada. Lakini kwanza tazama jina la kampuni iliyotoa bima: bima nyingi zinazouzwa pamoja na tiketi katika intaneti zimetolewa na kampuni za ng'ambo, na hizo hazimo chini ya mamlaka ya Nairobi, bali hushitakiwa kwa msimamizi wa nchi yao.

Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani mwaka 2021, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na ambayo sheria yaitaka imalize shauri katika siku 60, na mtu aweza kusimama humo mwenyewe bila ya wakili. Walakini soma mkataba kabla ya kwenda, kwa kuwa baadhi ya mikataba hutaka mzozo upelekwe kwanza kwa msuluhishi, na mingi husema kwamba dai lililokataliwa lisipofuatwa katika miezi 12 huhesabiwa kuwa limeachwa.

Wala usisahau kwamba shirika la ndege lenyewe laweza kudaiwa. Kenya imo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaolibebesha shirika dhima ya khasara iletwayo na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua iliyopasa. Na muda wa kushitaki ni miaka 2. Njia hizi mbili hazizuiani, ila gharama moja hailipwi mara mbili.

Ushauri wangu wa mwisho nauelekeza kwa vikundi, hasa vya Umra, maana hao husafiri wengi kwa tiketi za siku moja na bima ya namna moja, kisha kila mmoja hukataliwa peke yake na kila mmoja hukata tamaa peke yake. Kikundi na kimchague mmoja, kijana ajuaye kusoma mikataba, akusanye hati za bima za wote kabla ya kuondoka, azisome na kuwaeleza wazee kilichomo, na ndege ikichelewa adai cheti chenye sababu iliyotajwa wazi kabla hawajatoka kiwanjani. Cheti hicho kimoja chaweza kuwasaidia wote, barua moja iliyoandikwa vyema yaweza kunakiliwa kwa wote, na kampuni inayozoea kujibiwa itajifunza kusoma madai ya watu wa Majengo kwa uangalifu ule ule iliopokea kwao fedha zao.