Mfarishi wa vipande: Kinga ya baridi maeneo ya majani chai

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Julai baridi ya huko, kama ile ya nyanda za juu za Bomet, haina huruma. Blanketi jipya ni gharama, ilhali mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani mara nyingi hutupwa.

Mfarishi mdogo wa vipande, wa mita moja hivi, hutosha kufunika magoti ya mzee. Huwa na tabaka tatu: vipande juu, blanketi kuukuu katikati na shuka chini, zikishikizwa pamoja kwa mishono ili zisihame. Vipande hukatwa miraba ya sentimita 12, sentimita moja kila upande ikiachiwa mshono.

Kosa kubwa hutendeka kabla ya sindano kushikwa. Pamba isiyofuliwa hurudi, poliesta hairudi, na mfarishi hukunjamana ufuliwapo mara ya kwanza. Kitambaa chekundu nacho kikichuja, cheupe kimeharibika.

Rangi hufuata majira: kijani kwa mvua ya Machi hadi Mei, manjano na hudhurungi kwa kiangazi. Januari na Februari majani hupungua, na mchumaji anayelipwa kwa kilo huona mapato yakishuka. Huo ndio wakati ufaao wa kushona, mradi mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi huo, kwani waweza kumziba pumzi.