Mbele ya kununua segima, tupime kompresio ya moteri

Kooperativi nyingi za kwetu Kirotshe na Masisi zinataka kufufua moteri ya zamani ya mazutu iliyolala depo, kusudi isage mahindi na mihogo. Fundi anaangalia, anasema: «Segima zimekwisha.» Pengine ni kweli. Lakini feza ya wanamemba isitoke kwa neno la mdomo tu.

Moteri ya mazutu haina buji. Pistoni inashindilia hewa mpaka inakuwa moto sana, na mazutu ikiingia inawaka yenyewe. Kompresio ikipotea, joto halitoshi: moteri inakataa kuwaka wakati wa baridi, ao inatoa moshi mweupe.

Kwa moteri ya silindiri moja, munaweza kuanza na mkono. Fungeni njia ya mazutu. Zungusheni pole pole kwa manivela, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, juu manivela inaweza kurudi na kuvunja mkono. Pistoni ikifika juu, moteri inapaswa kukataa na kurudisha mkono kama springi. Ikipita laini, hewa inatoroka. Sikilizeni: sauti ikitokea kwenye bomba la moshi, ni supapu ya kutoa moshi, ikitokea kwenye filtri ya hewa, ni supapu ya kuingiza, ikitokea mahali pa kumimina mafuta ya moteri, ni segima ao silindiri.

Fundi mwenye manometa anaifunga mahali pa injekta. Iwe ya mazutu: ile ya petroli haifikishi pressio hiyo. Kisha anatia kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya moteri ndani ya silindiri, na anapima tena. Asizidishe: mafuta hayashindiliki, yanaweza kupinda bieli. Namba ikipanda, segima ao silindiri imechoka. Isipopanda, muangalie supapu na juwe ya kichwa.

Musisahau milima yetu. Namba za kitabu kwa kawaida ni za usawa wa bahari. Kando ya ziwa Kivu tuko karibu meta 1.500, na pressio ya hewa iko chini kwa karibu 15%. Moteri ya bari 30 inaweza kuonyesha 25 na bado iko nzima. Kwenye meta 2.000, karibu 24.

Fundi apime mbele ya komite, na namba iandikwe katika daftari. Hapo ndipo munaamua kununua.