Sifa za Linux zinapofika Kasugho

Distro ya Linux ni mkusanyo wa programu uliojengwa juu ya kiini alichokitoa Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ni kilekile. Tofauti iko katika programu zilizochaguliwa, mara ngapi zinasasishwa, na kompyuta ya namna gani waliozikusanya walikuwa nayo akilini. Hata orodha ya DistroWatch, iliyoanza mwaka 2001 na kutajwa sana kama mizani ya umaarufu, huhesabu ni mara ngapi ukurasa wa kila distro umefunguliwa, si kompyuta ngapi zinaitumia.

Kasugho, milimani katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, mizani ni nyingine. Umeme hutegemea sana jua na jenereta, intaneti hununuliwa kwa mega, na kompyuta nyingi zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kupita Kampala, Kasindi na Butembo. Wanafunzi wa chuo kikuu cha uhifadhi kilichopo hapo, jirani na hifadhi ya Tayna, wanahitaji kuandika kazi zao na kuchora ramani kwa QGIS, programu ya bure ambayo Linux huiendesha vizuri. Distro inayostahili sifa ni ile inayowafikisha huko.

Ubuntu ilipendwa sana barani Afrika, na ilikuwa haki yake. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliitoa tarehe 20 Oktoba 2004, na hadi mwaka 2011 mtu aliweza kuagiza CD yake ikaletwa kwa posta bila malipo. Jina lenyewe, ambalo maana yake ni utu, si geni kwa Mnande, mwenyeji wa Lubero, anayemwita mtu omundu. Lakini Ubuntu ya leo si ile ya bahasha. Faili la kusakinisha toleo la 24.04 linakaribia GB 6. Tangu toleo la 21.10 kivinjari cha Firefox huja kwa mfumo wa snap, ambao hutafuta masasisho mara nne kwa siku na kuyavuta wenyewe usipozuiwa. Mwanafunzi aliyenunua mega za kutuma sura moja ya kazi yake huzikuta zimekwisha kabla barua haijaondoka. Hapo sifa ya Ubuntu imezidi kipimo.

Arch, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, imezidishiwa zaidi. Maelezo yake yaliyoandikwa ni hazina kwa mtumiaji wa distro yoyote ile, na hilo halina ubishi. Shida ni kwamba haina toleo linalotulia: kila siku kuna kipya. Mashine iliyokaa miezi minne bila intaneti huweza kukuta funguo za kuhakiki saini zimepitwa na wakati, na masasisho yanayongoja ni mzigo mkubwa. Kuongeza programu moja baada ya kupakua orodha mpya, bila kusasisha mfumo mzima, hakuungwi mkono na watengenezaji wake, maana kunaweza kuuvunja.

Kali, ya mwaka 2013, ni chombo cha wapimaji wa usalama wa mitandao. Walioitengeneza wanasema wazi kwamba haiwafai wanaoanza Linux, ila vijana huisakinisha kwa ajili ya jina.

Distro nyepesi nazo zimesifiwa kwa hesabu nusu. Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003, na antiX huwaka hata kwenye mashine ambazo Windows imezikimbia. Ila mfumo ukiridhika na MB 300 za RAM, Firefox yenye kurasa chache hudai zaidi ya GB 1, na wepesi wote huishia hapo. Puppy pia humpa mtumiaji mamlaka yote ya mfumo tangu anapowasha, jambo la hatari kwenye mashine ya ofisi inayoguswa na watu wengi.

Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993, husifiwa kwa sauti ya chini, na ndiyo inayoifaa Kasugho. Toleo lake hukaa takriban miaka miwili bila kubadilika sana, na vifurushi vilivyopakuliwa Butembo hubebwa kwenye flashi hadi kwenye mashine nyingine ya toleo lilelile. Kasoro ipo: Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32.

Mambo mawili hayamo katika sifa za distro yoyote. La kwanza ni kibodi. Kwenye kibodi ya Kifaransa, A imekaa mahali pa Q ya Kiingereza. Kisakinishi kikiachwa kwenye Kiingereza, anayechagua nenosiri kasugho huandika kqsugho bila kujua, kwa kuwa herufi zimefichwa kwa nukta. Mpangilio ukirekebishwa baadaye, nenosiri lake hukataliwa.

La pili ni betri ndogo ya saa, CR2032. Ikifa, kila kompyuta inapokatiwa umeme tarehe huweza kurudi nyuma miaka mingi. Apt, chombo cha Debian na Ubuntu cha kusakinisha programu, hukataa orodha ya programu kwa kuwa tarehe yake bado haijafika, kivinjari hukataa tovuti salama, na fundi huilaumu distro. Betri ikibadilishwa na saa ikawekwa sawa, masasisho hupita.