Opsio za gari: ipi inalinda maisha, ipi inakula feza bure?

Gari imetoka Japani, imepita Mombasa ao Dar es Salaam, na leo iko mbele ya muuzaji, imeoshwa vizuri. Iko na viti vya ngozi, kioo kwenye paa, janti zenye kung'aa na skrini kubwa katikati. Muuzaji anaweka muziki, sauti inatoka safi kabisa. Mununuzi anafurahi na anakubali kuongeza dola juu ya ile skrini. Kisha siku mbili anatafuta redio ya kwao kwenye FM. Anazunguka, anarudi, hapati kitu.

Redio haijaharibika. Huko Japani, kwa miaka mingi FM ilitumia masafa ya 76 mpaka 90 MHz. Huku Congo inatumia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo, kwenye gari nyingi za okazio, stasio karibu zote zenye ziko juu ya 90 zinapotea. Na ramani yenye iko ndani ya ile skrini ni ya barabara za Japani tu, na maandishi ni ya Kijapani.

Hilo ni jambo dogo, fundi wa redio anaweza kulimaliza. Lakini linaonyesha shida yenyewe: opsio za gari hiyo zilichaguliwa na mutu mwengine, juu ya barabara zingine. Mununuzi wa Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira anakuta opsio zimekwisha kufungwa. Kazi yake ni kujua ipi ailipie zaidi, ipi aiachilie, na ipi aikimbie. Kwa jamaa nyingi, gari hiyo inabeba akiba ya miaka mingi: feza ya likelemba, deni ya kooperative, ao shamba lenye liliuzishwa. Ukikosea, hakuna wa kukurudishia.

Maswali mbele ya kuangalia rangi

Swali la kwanza: siku nyingi, gari itapita wapi? Ndani ya muji kwenye lami, ao kwenye udongo na mawe? La pili: itabeba nani ao nini? Watoto wa masomo, wasafiri wa taxi, mifuko ya maharagi? La tatu: siku itaharibika, nani ataitengeneza, na piesi itatoka wapi?

Kisha kuko swali lenye watu wengi wanasahau: kitu hiki kinaweza kuongezwa nyuma? Redio, kamera ya kurudi nyuma, alarme, nguo za viti, vyote vinafungwa katika muji wowote na feza kidogo. Lakini erbagi, freni za ABS, upande wa usukani na urefu wa gari kutoka chini haviongezwi kwenye garaji. Feza ya kwanza iende kwa vile haviwezi kuongezwa.

Usukani: upande wake si kitu kidogo

Congo, Rwanda na Burundi zinapita kuume. Uganda, Kenya, Tanzania na Japani zinapita kushoto. Njo sababu gari nyingi zenye zinaingia mashariki ziko na usukani kuume. Watu wamezizoea, na bei yake mara nyingi iko chini. Lakini kila mununuzi ajue anachukua nini.

Shofere wa gari hiyo, akiwa nyuma ya lori kwenye kona za Kabasha ao za Ngomo, haoni mbele mpaka atoe gari karibu yote katikati ya barabara. Mwenye kukaa pembeni yake anashukia upande wa magari yenye yanapita. Gari zingine za watu wengi ziko na mulango wa kusukuma upande wa kushoto tu: watoto wanashuka kwenye barabara, hapana kwenye kando. Taa nazo ziligeuzwa kidogo kuelekea kushoto, kwa hiyo usiku zinapiga macho ya mwenye anakuja mbele. Taa zinaweza kubadilishwa ao kurekebishwa, mengine yanabaki. Ikiwa gari mbili zinalingana na moja iko na usukani kushoto, kuongeza feza kidogo juu yake si kupoteza.

Vitu vya kulinda maisha

Mukaba wa kiti hauhesabiwe tena kama opsio, lakini unapashwa kuhesabiwa. Mununuzi aingie ndani na kuhesabu: kila kiti, hata cha nyuma, kiko na mukaba wenye unavutika na kufunga? Gari zingine zinafika mikaba ya nyuma imekatwa ao imefichwa chini ya viti. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba kufunga mukaba kunaweza kupunguza hatari ya kifo mpaka nusu kwa wenye kuwa ndani ya gari. Hakuna opsio ingine ya bei hiyo yenye inafanya kazi kubwa hivyo.

Erbagi, ile mifuko ya hewa, inasaidia mukaba, haiukombowi. Ukitia kontakti, taa nyekundu ya erbagi inapashwa kuwaka, kisha sekunde chache kuzimika. Ikibaki inawaka, kuko shida. Isipowaka hata kidogo, pengine mutu ameondoa balbu yake ili kuficha shida. Jambo lingine: tangu miaka ya 2010, kiwanda kimoja cha Japani, Takata, kilirudisha erbagi milioni nyingi ulimwenguni, sababu zilipasuka vibaya na kutupa vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi ndivyo viliziharibu. Gari ingine iliuzishwa inje mbele ya kubadilishiwa erbagi. Namba ya shasi inaweza kutazamwa kwenye intaneti, kwa kampuni yenye ilitengeneza gari. Na mutoto mudogo, kwenye kiti chake chenye kugeuzwa nyuma, asiwekwe hata siku moja mbele ya erbagi.

ABS inazuia magurudumu yasifungwe wakati shofere anakanyaga freni kwa nguvu. Kwenye lami yenye mvua, inamuachia nafasi ya kugeuza usukani na kuepuka mutu ao shimo. Kwenye changarawe, gari inaweza hata kwenda mbele kidogo kuliko ile haina ABS, lakini usukani unabaki mikononi mwa shofere. Kwa miji yenye milima sawa Bukavu, hiyo ni opsio ya kulipia. Taa yake nayo iwake na kuzimika, sawa ile ya erbagi.

4x4: wengi wanailipia, si wote wanaihitaji

Katika mashariki, neno 4x4 linauzisha gari haraka. Lakini 4x4 inasaidia gari kutoka kwenye matope, haisaidii kusimama. Gari yenye kuzunguka ndani ya muji inabeba ule uzito wote, inakula esansi zaidi, na iko na piesi nyingi za kutengeneza, bila faida.

Tena 4x4 haiko ya aina moja. Kuko ile ya kujifunga yenyewe, yenye iko kwenye gari ndogo za kisasa: inasaidia kwenye utelezi kidogo. Kuko ile ya kweli, yenye kiko cha pili cha vitesi za polepole: hiyo njo ya mutu anayeenda Walikale ao Shabunda wakati wa mvua. Hii ya pili haifungwe kwenye lami kavu, sababu inachosha vyuma vya chini. Mununuzi aombe kuijaribu, gari ikiwa inatembea. Wengine wanauzisha gari yenye maandishi ya 4x4 nyuma, lakini chini vyuma vilitolewa zamani.

Kwa watu wengi, kitu cha maana zaidi ni urefu wa gari kutoka chini. Gari ya magurudumu mawili ya kuvuta lakini ya juu inapita mahali pengi kuliko 4x4 yenye kugusa mawe.

Mipira: namba zinasema yote

Janti kubwa zinapendeza macho. Goma, muji wenye mawe ya Nyiragongo, inajua bei yake. Namba 195/65 R15 kwenye mupira inasema: upana milimetre 195, na urefu wa ubavu ni 65 kwa mia ya upana huo, karibu milimetre 127. Namba 215/45 R17 inasema ubavu wa karibu milimetre 97. Ni sentimetre tatu za mupira zenye zinakosa kati ya jiwe na janti. Kwa barabara ya mawe, janti ndogo na mupira munene njo opsio ya kweli, na mara nyingi ni ya bei ya chini.

Mipira iko pia na umri. Namba nne za mwisho za DOT zinaonyesha juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Mupira unaweza kuwa na meno mazuri lakini umekauka. Na mupira wa akiba? Gari nyingi za kisasa ziko na mupira mwembamba wenye haupashwe kupita kilometre 80 kwa saa, ao haina kabisa, ni dawa ya kuziba tundu tu. Kati ya Komanda na Mambasa, dawa hiyo haitoshi.

Klima: inategemea muji

Uvira iko kando ya Tanganyika, kwenye metre karibu 780 juu ya bahari. Kule na Kalemie, joto linachosha shofere, na klima si starehe. Bukavu iko karibu metre 1500, Butembo inapita 1700. Baridi ya kule inatosha. Lakini hata kule klima iko na kazi yenye watu hawaijui: inakausha hewa ndani. Mvua ikinyesha na watu watano wakipumua, kioo cha mbele kinajaa ukungu. Klima inaufuta haraka. Kwa hiyo ikiwa iko, ifanye kazi. Ikiwa muuzaji anasema "inakosa gazi tu", bei ishuke, sababu pengine ni komprese.

Zile za kuangalia mara mbili

Kioo kwenye paa kiko na mirija midogo ya kutosha maji. Vumbi ikiiziba, mvua inaingia kwenye viti. Amortisere za hewa zinapendeza kwenye lami, lakini piesi yake ni ngumu kupata. Ufunguo wa kubonyeza, ukipotea, unahitaji fundi mwenye mashini yake. Gari ya ibridi inapunguza esansi ndani ya muji, lakini batri yake kubwa iko na umri, na mununuzi aulize kwanza nani katika muji wake anaijua.

Injini nazo ni opsio. Mazuti ya kisasa yenye chujio la moshi, ao esansi ya kupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, zinadai mafuta safi. Mwenye kununua kwa makadhafi, kando ya barabara, hajui kila mara nini iko ndani ya bidoni. Kwake, injini rahisi njo bora.

Gari mbili, bei moja

Tuseme mama mumoja wa Uvira anapanda Bukavu mara mbili kwa juma na bidhaa zake. Ameonyeshwa gari mbili za bei moja. Ya kwanza: viti vya ngozi, kioo kwenye paa, janti za 17, skrini kubwa, lakini taa ya ABS haizimike na mupira wa akiba hauko. Ya pili: viti vya kitambaa, janti za chuma za 15, klima yenye kufanya kazi, ABS na erbagi nzima, mupira wa akiba mupya. Macho yanaenda kwa ya kwanza. Lakini skrini, mama huyo anaweza kuifunga nyuma, kidogo kidogo. Freni ya kushuka na muzigo, hapana.

Mbele ya kulipa

Mununuzi aende na mekanisie wake mwenyewe, hapana wa muuzaji. Atazame taa za tablo, afungue klima, ajaribu vitesi zote, na alale chini ya gari kutazama. Namba ya shasi ilingane na ile ya karatasi. Kwa gari yenye haijalipiwa duane, aulize kwanza DGDA, sababu masharti juu ya umri wa gari na usukani yanaweza kubadilika.

Na nyumbani, mbele ya kutoka, jamaa wakae pamoja na kuandika kwenye karatasi vitu vitano vyenye gari haiwezi kukosa. Karatasi hiyo ibaki mufukoni. Muuzaji akianza kusifu ile skrini, mununuzi aitoe na kuisoma tena.